Track 01 Ni Nani? CD za Nakuru na Majina Yaliyobaki Njiani

Kama kwenu Nakuru kulikuwa na kompyuta ya mezani kati ya 2003 na 2012 hivi, kuna folda moja najua iko humo ndani, hata kama hiyo kompyuta siku hizi inakaa chini ya kitanda imefunikwa na leso. Folda inaitwa "Unknown Artist". Ndani yake kuna folda zingine zinaitwa "Unknown Album", zimeandikwa tarehe na saa pembeni. Ukifungua unapata Track 1, Track 2, Track 3, mpaka 14. Bonyeza yoyote. Gitaa la benga, ama jamaa wa mugithi na gitaa lake moja, ama kwaya ya Kikalenjin na kinanda cha bei rahisi. Ngoma kali. Mwenyewe ni nani? Hakuna anayejua.

Watu wakiongea kuhusu muziki wa Kenya enzi za CD, hadithi huwa ni moja tu. Uharamia uliua wasanii, River Road ndio wezi, mwisho. Sikatai. Lakini nimekaa na hizi faili miaka mitatu sasa, nikizitoa kwa kompyuta za watu kuanzia Langalanga mpaka Njoro, na naona tumekuwa tukililia hasara ndogo. Mtu akichoma CD yako na kuiuza stage, amekuibia pesa ya siku hiyo. Jina lako likitoka kwa wimbo, umeibiwa pesa ya siku zote zinazokuja, na hakuna hata mtu wa kupeleka kortini.

Ilitokea aje? Ukweli ni kwamba hakuna mtu aliyekaa chini akapanga kufuta majina. Yalidondoka yenyewe, wakati wa kuripu.

Wale wadogo wangu ambao hamjawahi kushika CD: kuripu ni kutoa nyimbo kwa CD na kuziweka kwa kompyuta ziwe faili. Inaonekana kama kukopi tu, kama kutoa kitu kwa flashi. Sio. CD ya muziki iliingia sokoni 1982, kazi ya Philips ya Uholanzi na Sony ya Japani, na ndani yake hakuna faili hata moja. Kuna mstari mmoja mrefu umejipinda kuanzia katikati kwenda nje, na kwa huo mstari sauti imeandikwa kama namba, 44,100 kila sekunde kwa spika ya kushoto na zingine 44,100 kwa ya kulia. Mwanzoni kuna kaorodha kadogo: wimbo wa kwanza unaanza hapa, wa pili unaanza pale. Basi. Jina la wimbo halimo. Jina la msanii halimo. Baadaye walitengeneza njia ya kutia maandishi ndani ya CD, lakini ni CD chache sana ziliitumia. Mwaka wa 1982 hakuna aliyeona shida hapo, juu majina yalikuwa kwa karatasi ya kasha. CD na karatasi yake zilikuwa kitu kimoja.

Sasa niambie, ni CD ngapi hapa Nax ziliishi na karatasi yake?

CD nyingi za mtaani zilikuwa tayari ni nakala. Mtu ameripu tano za kwake, amechagua nyimbo anazopenda, amechoma upya kwa CD tupu, na juu ameandika kwa kalamu nene "MUGITHI MIX 4". Majina ya kwa karatasi yalikufa hapo. Halafu hiyo Mix 4 inauzwa, inafika Molo, inaripiwa tena kwa kompyuta nyingine, inachomwa tena. Kila mkono unaopitia unabaki na sauti na kupoteza habari. Na vumbi letu, wacha tu. Inasemekana jina Nakuru lenyewe linatoka kwa Kimaasai na maana yake ni mahali pa vumbi, na mtu yeyote aliyepangusa CD na dawa ya meno ndio isikwame anaamini bila kuuliza. Mkwaruzo nao ulikuwa unaripiwa. Nina wimbo mmoja wa harusi unaoruka mahali pamoja kwa nakala tatu, kutoka kwa kompyuta tatu za mitaa tofauti. Ni CD moja iliyoanguka siku moja mahali pamoja, na huo mkwaruzo ndio kitu cha pekee kinachoniambia hizo faili tatu ni ndugu.

Kwa nini watu waliripu hivyo kama wazimu? Hesabu. Muziki wa CD unakula karibu MB 10 kila dakika. MP3, ambayo ilitoka Ujerumani kwa watafiti wa Fraunhofer na ikapata hilo jina lake la mwisho wa faili 1995, inakula karibu MB 1. Inatupa zile sauti ambazo sikio lako lisingezishika hata hivyo, na kubakisha zingine. CD tupu ya MB 700 ilikuwa inabeba dakika 80 za muziki wa kawaida, nyimbo kama 18 hivi. Ukiijaza MP3, inabeba zaidi ya nyimbo 150. Kwa matatu inayotoka Nakuru kwenda Nairobi na kurudi mara mbili kwa siku, hiyo ilikuwa baraka. Dereva haongi tena CD kila baada ya Gilgil.

Binamu yangu mkubwa alikuwa anafanya kazi kwa cyber moja mjini. Mimi nilizaliwa 2002, kwa hivyo kazi yangu hapo ilikuwa kukaa kwa kiti cha plastiki nikiambiwa nisiguse kitu. Mteja analeta CD, binamu anaifungua na Windows Media Player, anabonyeza, ka-mstari kanaanza kujaa. Hapo ndipo kompyuta inajaribu kutafuta majina. Na hapo ndipo ninataka tukae kidogo.

Kompyuta haisikilizi wimbo. Inachukua ile kaorodha ya mwanzo wa CD, nyimbo zinaanza wapi na wapi, inageuza kuwa namba, na inatuma hiyo namba kwa intaneti kuuliza: kuna mtu anajua CD yenye vipimo hivi? Kabla ya katikati ya 2009 Kenya haikuwa na waya wa intaneti wa chini ya bahari hata mmoja. Intaneti ilikuwa inapitia setilaiti, ghali, pole pole, na cyber ilikuwa inakuuzia kwa dakika. Hakuna mwenye cyber mwenye akili angechoma dakika za mteja kutafuta jina la wimbo ambao mteja tayari anaujua. Kompyuta haipati jibu, inaandika Unknown Artist, inaendelea.

Lakini hata wale waliokuwa na intaneti hawakupata kitu, na hii ndio sehemu inaniuma. Orodha yenyewe ilitengenezwa na nani? Ya kwanza kubwa iliitwa CDDB. Ilianza miaka ya 1990, na iliandikwa na watu wa kawaida: mtu kwao nyumbani, labda Marekani, labda Ujerumani, anatia CD yake, haipo kwa orodha, anaandika majina kwa mkono na kuyatuma ndio wa baadaye asisumbuke. Bure kabisa. Halafu ikageuzwa kampuni, ikauzwa, ikaitwa Gracenote, na 2008 Sony wakainunua. Waliokuwa wameandika kwa kujitolea walikasirika sana, wengine wakaanzisha orodha zao za wazi. Moja, freedb, ilifungwa 2020. Nyingine, MusicBrainz, iko mpaka leo.

Sasa fikiria huo mfumo kutoka Kenyatta Avenue. Jina linapatikana tu kama kuna mtu mahali alishika CD hiyo hiyo, akiwa na karatasi yake, na intaneti, na nusu saa ya kupoteza. CD ya kwaya ya Elburgon ilikuwa na nani wa hivyo? Na MUGITHI MIX 4, yenye mpangilio uliotoka kwa kichwa cha jamaa mmoja Bondeni, vipimo vyake haviko mahali popote duniani isipokuwa kwa nakala zake mwenyewe. Wakati mwingine namba iligongana na ya CD nyingine kabisa. Nina folda ya injili ya Kikuyu ambayo kompyuta iliamua ni bendi ya roki ya Ujerumani, na mpaka leo mama yule wa kuokoka anaimba chini ya jina la wanaume wanne wenye nywele ndefu.

Haya, tuseme mtu wa cyber alikuwa na moyo, akaamua kuandika mwenyewe. Aliandika wapi? Mwaka wa 1996 jamaa anaitwa Eric Kemp alibuni lebo ya kuwekwa mwisho wa faili ya MP3, inaitwa ID3. Ilikuwa ndogo sana: herufi 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu. Chukua kwaya yoyote ya Bonde la Ufa. Anza na "Africa Inland Church", hizo ni 20 tayari ukihesabu nafasi. Umebaki na 10 za kijiji na za neno "Choir". Kijiji kikiwa Kaptembwo, zimeisha. Kwa aina ya muziki huandiki, unachagua namba kwa orodha iliyoanza na aina 80. Polka iko. Benga haiko. Mugithi haiko. Kuna namba 48, inaitwa "Ethnic", na hapo ndipo dunia yote iliyobaki ilitakiwa kubanana, sisi, Wamongolia na kila mtu. Sisemi walitudharau. Sidhani walitufikiria kabisa, na hiyo kwangu ndio mbaya zaidi.

VCD hata sitaki kuzungumzia sana. Nyimbo nyingi za lugha za mama zilitoka kwa VCD, na ukifungua unapata AVSEQ01.DAT, AVSEQ02.DAT. Jina hata halikupewa nafasi ya kukosewa.

Kuna mtu atasema, lakini wasanii wa maana tunawajua. Ni kweli, na E-Sir ndio mfano. Tarehe 16 Machi 2003 Issah Mmari alikufa kwa ajali akirudi Nairobi kutoka shoo hapa Nakuru, akiwa gari moja na Nameless. Alikuwa na miaka 21. Ngoma zake nimezipata zimeandikwa Track 3, Track 9, na kwa kompyuta moja zote zinaitwa "esir". Haikumdhuru. Redio zilikuwa zinamtaja kila siku, na sauti yake kila mtu Kenya anaijua hata kwa giza. Joseph Kamaru vile vile: alifariki 2018, na mjukuu wake, yule msanii wa sauti anayejiita KMRU, anatoa upya kazi za guka wake kwa intaneti, zimepangwa vizuri na jina juu. Ukiwa mkubwa, ama ukiwa na mjukuu wa hivyo, jina linakurudia.

Ninaoongelea ni wa katikati. Mtu aliyerekodi mara moja 2004 kwa studio ndogo mjini, akachomewa CD mia moja, akaziuza kanisani na sokoni, akarudi shambani. Redio hazikumtaja. Wanaomjua ni watu wa kijiji chake. Na kwa huu upande wetu, kijiji ni kitu kinaweza kuhama usiku mmoja. Molo na Kuresoi zilichafuka 1992, zikachafuka 1997, na baada ya uchaguzi wa 2007 zikachafuka tena. Januari 2008 ilifika Nakuru mjini, na uwanja wa maonyesho ukajaa mahema. Nyumba ikichomwa, kanda na CD zinaenda nayo, na zile karatasi zenye majina. Nakala inayobaki ni ile mtu wa cyber aliripu bila ruhusa na kuisahau kwa kompyuta. Ndio maana siwezi kuimba huo wimbo wa uharamia mpaka mwisho. Kwa nyimbo kadhaa nilizo nazo, nakala ya haramu ndio ya pekee.

Linganisha na hii. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet, upande wa Kericho, akarekodi Wakipsigis. Moja ya alizorekodi ni Chemirocha, na hilo neno ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye sahani zake za santuri zilikuwa zimefika huko, jina lake likageuka Kikipsigis kwa midomo ya watu. Tracey alikuwa mzungu wa enzi za ukoloni na rekodi zake zilikaa Afrika Kusini miongo sita, hayo tujadili siku nyingine. Lakini kila wimbo aliuandikia kadi: nani anaimba, lugha gani, mahali gani, ala gani. Mwaka wa 2014 watu wa ile maktaba yake, ILAM, pamoja na Ketebul Music ya Nairobi walirudisha nakala za kidijitali Kapkatet, na mmoja wa wazee waliorekodiwa wakati ule alipatikana akiwa hai. Miaka 64! Wangemtafuta aje kama kadi ingesema Track 6?

Ndio, na kuna sheria. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 ilikuwa na wazo poa sana ambalo watu wengi hawalijui: vifaa vya kurekodia na kanda tupu vitozwe pesa kidogo vikiingia nchini ama vikitengenezwa hapa, na hiyo pesa iende kwa waliorekodi na walioimba, kama fidia ya kunakiliwa majumbani. Yaani sheria ilikubali watu watakopi. Ilitaka tu msanii apate kitu. Lakini ili ugawe pesa unahitaji orodha ya majina. Hata ingekusanywa shilingi ya mwisho, ungeipeleka kwa nani? Kwa Bwana Track 07?

Na sasa hilo swali limekuwa la pesa taslimu. Spotify ilifika Kenya Februari 2021, Boomplay ilikuwa hapa kitambo, YouTube ndio redio ya wazazi wetu. Huko kote pesa inafuata jina lililosajiliwa na wimbo. Haifuati sauti ya nani. Faili isiyo na jina ni shamba lisilo na hati: wa kwanza kuja na kalamu anaandika lake. Nimeona nyimbo ambazo nina nakala zake za zamani zimepandishwa chini ya majina ya "studio" ambazo zina nyimbo mia mbili za sauti mia mbili tofauti.

Kwa hivyo nikipata folda ya Unknown Artist siku hizi siisikilizi peke yangu. Naipeleka kwa watu wazima. Vijana wenzangu hamna msaada hapo, samahani, mnaniambia "Shazam inasema haijui". Shazam inajua kilichosajiliwa. Mama mboga anajua aliyeimba harusi ya dadake.

Desemba nilimchezea rafiki wa mamangu folda moja kwa simu. Yeye alitoka Kuresoi 2008 na vyeti vya shule na mtungi, akaanza upya Free Area. Wimbo wa sita ulipoanza aliweka kikombe chini, akaniambia nirudishe nyuma. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema ile alto inayoingia mapema, kabla ya wenzake, ni yeye, na mwalimu wa kwaya aliwagombeza lakini pesa ya studio ilikuwa imeisha, hawangerudia. Walirekodi 2004. Hakuwa ameisikia tangu nyumba iende.

Akaanza kunitajia waimbaji, kwa mpangilio waliosimama studio, kuanzia soprano. Wanne wameshafariki. Mmoja yuko Eldoret na ana namba yake. Walikuwa kumi na saba. Kwa ile lebo ya herufi 30 hawangetosha hata wawili, lakini kuna toleo la pili lililotoka 1998 ambalo linakubali maandishi marefu, na programu ya bure kama Mp3tag inaliandika bila shida. Nimetia majina yote kumi na saba, kijiji, mwaka, lugha, na CD ilipotoka. Kwa aina ya muziki nimefuta 48 nikaandika mwenyewe. Yule wa Eldoret nimempigia, anasema anajua aliyebaki na karatasi ya kasha, na tumepanga Jumamosi.